Kayaki Zako Nane Zimelala Kifudifudi

Na mpaka Jumanne, Fundi, ndugu yako Otieno alikuwa bado ananiambia trekta imekufa. Wiki ya kwanza ilikuwa klachi. Wiki ya pili tairi ya nyuma. Wiki hii ikawa ati trekta imekufa kabisa na mkubwa wao wa miwa amekataa mtu yeyote kutoka. Mimi kwa simu nilikuwa naitikia tu, sawa, sawa, na nyuma yake nasikia trekta inanguruma.

Leo ni Ijumaa asubuhi. Wageni wanakuja kesho. Nimekaa hapa chini ya mabati yako, mahali tulikuwa tunachomea plastiki ya kuziba mashimo. Nimeomba binti yako Apiyo daftari yake ya hesabu, akanipea lakini amesema nisimalize kurasa zake. Kama kuna mahali nimeandika vibaya utanisamehe, unajua shule niliachia darasa la tano. Nangoja Otieno. Amesema anakuja. Sijui.

Tangu tukuzike hakuna kayaki yako imeguswa na maji. Zote nane zimelala kifudifudi kwa nyasi, na kuku wa Mama Apiyo wameanza kutaga chini ya Turfena. Na kosa ni yako, Fundi. Sikwambii kwa ubaya, lakini ni yako. Ungeziacha tu bila majina.

Unakumbuka siku ulileta ile rangi nyeupe? Kila moja ukaipea jina ya shangazi yako mmoja. Turfena, Rispa, Dorka, mpaka ile ya watu wawili ukaiita Persila kwa sababu shangazi Persila alikuwa anakaa viti viwili kanisani. Wavuvi walikucheka mpaka wakaacha kushona nyavu. Wewe ukawaambia, "Boti bila jina ni beseni." Ulikuwa unapenda kusema maneno kama hiyo halafu unageuka kuniangalia kama nimesikia.

Wiki mbili baada ya mazishi nilibeba Dorka mpaka karibu na maji. Nilitaka tu kujua kama ile shimo tuliziba na kipande cha jerikeni bado inashika. Wavuvi wakanisimamisha. Mzee Ogola, yule boti yake ya mbao iko hapo kando yetu, akaniuliza, "Wewe kijana, umeuliza nani?"

Nilishusha tu Dorka kwa mchanga. Unanijua.

Akasema mwenye boti akikufa, boti inakuwa mjane, inakaa matanga kama watu wengine wa nyumba. Haiingii majini mpaka mwanaume wa nyumba hiyo aingie nayo kwanza, arudi na samaki, samaki apikwe kwa jiko la marehemu. Hiyo mimi najua, nimezaliwa hapa. Lakini nilifikiria ni maneno ya boti ya mbao. Hata yule kijana wa kuuza mafuta ya injini alisema hivyo. "Yawa, Mzee, hii ni jerikeni tu imelazwa. Jerikeni inalilia nani?" Watu wakacheka.

Mzee Ogola hakucheka. Akaweka kidole kwa ile rangi yako nyeupe. "Jerikeni ya kwenu inaitwa nani?" Kijana akainamia mafuta yake. "Basi. Kitu iko na jina iko na matanga."

Nikarudisha Dorka kwa nyasi. Mama Apiyo naye alisema hivyo hivyo, tena yeye hakutaka hata nimalize kuuliza. Wewe hukuacha mtoto wa kiume, ni Apiyo na Adongo tu, na hao bado wanagombania penseli. Kwa hiyo mwanaume wa nyumba ni mmoja. Ni Otieno wa Muhoroni.

Sasa kuna hawa wageni wa kesho, kikundi cha mtaa wa Migosi. Si wewe uliwaahidi? Kabla kifua ikuanze ulikuwa umewaambia, wikendi ya mwisho wa mwezi, kuvua samaki kwa kayaki, kulala kwa tenti, samaki wa kuchoma, chai ya tangawizi. Nilidhani ukienda na hiyo maneno imeenda. Lakini yule mwenyekiti wao, Madam Beryl nesi, alikuja matangani kwako, akalia sana, na wakati wa kutoka akaniomba namba ya simu. Nikampea. Kesho yake nikajikuta kwa grupu yao ya simu. Watu kumi na wanne, na mimi.

Fundi, hawa watu wanaandika! Asubuhi wanaandika, mchana wanaandika. Nani analeta sufuria, nani analeta makaa, tenti ya nani iko na shimo. Siku nzima moja walibishana kama minyoo ya kuvulia inanunuliwa au inachimbwa. Kuna Bwana Jagdish wa duka la vyuma, huyo ako na fito tatu za kuvulia na kofia ya kuvulia, lakini samaki hali, nyumbani kwao hawali nyama yoyote. Wakamwuliza, "Sasa Jagdish ukishika samaki utafanya nini?" Akasema, "Nitampiga picha, nitampatia Madam Beryl, nitakula mahindi." Hiyo niliisoma mara mbili nikacheka peke yangu hapa, halafu nikatafuta wewe nikuonyeshe.

Mimi nasoma pole pole. Nikifika katikati ya moja, zimeshakuja zingine kumi. Na kila mara mtu anauliza, "Fundi mdogo, uko? Kayaki ziko tayari?" Kuandika yote hiyo ya matanga na Otieno na mjane ningeanzia wapi? Kwa hivyo nilikuwa nafinya ile alama ya kidole gumba. Tenti kumi? Kidole. Tufike saa tatu? Kidole. Kayaki zote nane? Kidole.

Hapo sasa kosa ni yangu.

Jumatatu Mama Apiyo aliniita jikoni. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo ilinimaliza. Alikuwa anachambua omena, hakuinua macho. Akasema, "Kuna mtu wa hoteli anataka kayaki zote. Amesema Jumatatu ijayo analeta lori. Mimi nimemwambia angoje nione hii wikendi. Wageni wakija wapate boti zimelala, nitamwambia alete lori." Halafu akasema, "Na huyo shemeji yangu najua anangoja nini. Anangoja nichoke ndio auze yeye."

Hapo nilitaka kumwambia si hivyo. Nilijua si hivyo. Lakini mdomo wangu, unaujua.

Nitakwambia nilijua aje. Siku ya mazishi, tulipomaliza kukuweka chini, wanaume tulishuka ziwani kuosha mikono na majembe. Wote, hata mchungaji. Otieno alibaki juu kwa ua, akaita mtoto amletee maji na beseni. Watu wakasema aa, huyo ni mtu wa Muhoroni sasa, anaogopa matope. Kesho yake akitaka kwenda dukani, badala ya kupita njia ya chini ambayo ni fupi, alizunguka shambani kwa Mama Rose, kwa miiba. Mara ya tatu tulikuwa tumekaa, upepo ukaleta wimbi likapiga mawe, kidogo tu, na yeye akashika kiti. Kwa mikono miwili. Mimi naonanga vitu kama hizo kwa sababu sina kazi ya kuongea. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo. Mgeni akija akisema anajua maji, ulikuwa unaniambia kwa sikio, "Angalia mkono, wacha mdomo."

Basi Jumatano nikaenda Muhoroni. Sikulala vizuri, na tangu uende silali vizuri, lakini nilienda. Saa hii kazi yangu ni kuziba mabeseni Nyalenda, pale kwa kituo cha maji, na akina mama wanaleta jerikeni zimepasuka na kila mmoja ananiuliza, "Yule mwenzako wa maneno mengi ako wapi?" Na mimi lazima niseme amekufa. Kila siku nakuzika mara tatu, mara nne. Nikafunga chuma yangu ya kuchomea, nikawaambia leo sizibi.

Otieno nilimpata kwa foleni ya trekta za miwa, nje ya kiwanda. Trekta yake ilikuwa nzima, inatoa moshi, inanguruma vile nilisikia kwa simu. Vijana wa kupakia wakaniona nimesimama tu hapo na laifu jaketi yako, ile ya kuelea majini, mkononi. Mmoja akapiga kelele, "Otieno! Umeletewa koti ya harusi!" Mwingine akasema, "Hapana, hiyo ni ya mvua ya mawe." Yeye akanitazama, akatazama ile jaketi. Akashuka.

Tulitembea mpaka nyuma ya trela. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kisumu na yote ikapotea. Nikasema tu, "Mimi sijaambia mtu."

Hakuuliza nini. Alikaa chini kwa makapi ya miwa, mtu mkubwa vile, na akaanza kuvunja muwa kwa vipande vidogo vidogo, bila kula. Foleni ikasonga, mwingine akasogeza trekta yake mbele kwa niaba yake.

Halafu akanieleza. Fundi, kwa nini hukuniambia hii? Miaka sita tumekaa chini ya haya mabati. Umenieleza meno yako ya kwanza, umenieleza venye ulikutana na Mama Apiyo kwa mstari wa hospitali, umenieleza ndoto zako zote na zingine mbili mbili. Hii hukusema. Ati mlikuwa watoto, yeye ako saba na wewe kumi, mkaenda kutega samaki kwa mafunjo, yeye akateleza akaingia chini ya yale majani ambayo yanaelea. Akasema juu kulikuwa kumefunikwa, akipiga na kichwa haipasuki. Akasema ulimpata kwa nywele. Ulimvuta kwa nywele mpaka zingine zikabaki mkononi mwako. Mlifika nyumbani mmelowa, baba yenu akauliza nani ameingiza mwenzake majini wakati amekataza, na wewe ukasema, "Ni mimi, nilimsukuma kwa mchezo." Ukachapwa wewe. Tena ulichapwa vibaya. Na Otieno alisimama hapo hakusema kitu.

Akaniambia, "Nilingoja anilaumu siku moja, hata kwa utani. Unajua ndugu yangu Ochieng' na utani. Hakuwahi."

Nikamwangalia mkono. Ulikuwa umekaba ule muwa kama kile kiti.

Sasa nilitaka kusema kitu kubwa, kama wewe ungesema. Nikapata tu ya kazi. Nikamwambia kuna Persila, ile ya watu wawili. Yeye akae mbele, kwa sababu wa mbele ndiye anaingia majini kwanza. Mimi nikae nyuma, mimi ndio nitapiga kasia. Hatuendi mbali, ni mpaka pale kwa mawe, mahali tilapia wadogo wanakaa asubuhi. Jaketi hii inabeba mtu wa kilo mia moja, tulijaribu na mchungaji. Akauliza, "Na watu?" Nikamwambia watu watajua hujui kupiga kasia ya kayaki. Hiyo si aibu, hata Mzee Ogola hajui.

Akaniuliza, "Wewe hujui kuogopa?" Nikamwambia naogopa watu. Akacheka kidogo, kupitia pua. Akasema atakuja Ijumaa.

Nilirudi nikauliza Mama Apiyo kama inakubalika watu wawili. Alifikiria sana, na mikono ikiwa kwa unga. Akasema wa mbele ndiye wa nyumba. "Wewe wa nyuma ni injini," akasema, "na injini haina ukoo." Nadhani ni mara ya kwanza nimemwona karibu kucheka tangu uende. Karibu tu.

Bado kulikuwa na wale watu wa Migosi. Jana jioni nikajificha nyuma ya choo, nikashika ile kitufe ya kurekodi sauti. Mara ya kwanza nikasema hodi halafu nikanyamaza mpaka nikafuta. Mara ya pili jogoo akawika. Mara ya tatu nilianza vizuri nikasikia sauti yangu nikaona aibu. Ya nne nikafumba macho. Nikasema, Madam Beryl na wote, ni mimi, Kimya wa Fundi. Kuna vitu mbili. Ya kwanza, mahali mmepanga kuweka tenti ni njia ya kiboko, anapita hapo kwenda kula nyasi, tusogeze tenti juu kwa ua, Fundi angewaambia. Ya pili, nilifinya kidole na kayaki haziko tayari. Nikawaeleza yote. Majina, mjane, samaki, ndugu ya marehemu anakuja Ijumaa. Ya Otieno na maji sikusema. Nikasema kama ndugu yake atarudi na samaki, Jumamosi mtaingia majini. Kama hatarudi, hakuna kayaki itatoka, na mimi nitakuwa nimewadanganya wiki tatu, na mnisamehe. Nikatuma. Nikaweka simu chini ya jiwe. Kweli, jiwe.

Nilipoitoa kulikuwa na meseji nyingi. Mmoja alikuwa ameuliza, "Sasa plastiki inakaa matanga kweli?" na mwingine akamjibu, "Wewe ulikaa matanga ya gari yako mwezi mzima." Mmoja alikasirika, amesema ameshaomba ruhusa kazini, na ako na haki. Madam Beryl naye alirekodi sauti, nafikiri ndio nisisumbuke kusoma. Alisema, "Kimya, tutakuja. Zikiwa zimelala tutakaa nazo tukipika. Lakini siku ingine usifinye kidole, sema." Jagdish akauliza kama Otieno anahitaji fito nzuri ya kuvulia, yeye anaweza kuituma leo na boda.

Lakini wakija wakakaa na kupika tu, Jumatatu lori inakuja. Hiyo Madam Beryl hajui. Hiyo iko kwa Otieno.

Saa hii ni karibu saa nne. Ziwa limetulia lakini kule mbali naona kijani. Upepo umeamka upande ule, na ukiendelea hivi utasukuma hayasinti, yale magugu ya kuelea, mpaka hapa, na ikifunga mdomo wa bichi leo hakuna kitu inatoka, si mbao si plastiki. Nimeangalia barabara mara ngapi sijui. Mama Apiyo ametoka mara mbili kumwaga maji ambayo haikuwa chafu.

Mikono inanuka ile plastiki yetu bado. Nilidhani itatoka. Nilikuwa naichukia hiyo harufu, unakumbuka, nikila ugali naisikia. Siku hizi nikiikosa asubuhi nachoma kipande kidogo cha jerikeni ya njano, bure tu, sizibi kitu.

Ngoja.

Amekuja. Amekuja na boda, na amebeba miwa miwili ya watoto. Amesalimia Mama Apiyo kwa mkono, yeye amempea mkono lakini hajamwangalia. Hajazunguka shambani kwa Mama Rose. Amepita njia ya chini, Fundi, polepole, kama mtu anabeba yai. Mzee Ogola na wengine wamesimama kwa boti zao wanajifanya wanashona nyavu.

Basi wacha nikuambie haraka. Nitamkalia nyuma na macho yangu hayatatoka kwa kola ya hiyo jaketi. Akianguka, mimi ndio nitamshika, kwa nywele, kwa chochote. Hizi karatasi za siri yake nitazichana na nitazichoma kabla Apiyo arudi kuangalia daftari yake. Mama Apiyo nitamwambia tu ndugu yako hajawahi kutaka kuuza, na nitamwambia kwa mdomo, nikiwa nimemwangalia. Na kesho wageni wakishuka, mimi ndiye nitasimama mbele yao niwaeleze kasia inashikwaje. Itakuwa fupi. Haitachekesha kama yako.

Wewe pumzisha mdomo, Fundi. Umeongea kwa niaba yangu miaka sita, imetosha, lala.

Lazima niende. Otieno amekaa kwa jiwe pale karibu na maji na amevua viatu, ameziweka pamoja vizuri, na mimi naona vile anaziangalia. Nikichelewa kidogo atazivaa.